Phiona na Ile Picha ya Darajani

Jumanne, 3 Machi 2009

Phiona anakuja Juba! Phiona wangu, na gari, na rafiki zake wawili, na kazi mkononi! Amepiga simu saa nne asubuhi nikiwa jikoni, mwiko ukaniponyoka ukazama ndani ya maharagwe na sikuutafuta.

Sasa nimetulia kidogo niandike vizuri. Daftari hili nimelinunua leo hapa Hai Cinema, kwenye duka linalotazamana na hoteli yangu. Mwenye duka akauliza ni la mtoto gani. Nikamjibu ni langu mimi mwenyewe, Harriet, mjane wa Lokosang, niliyesoma hadi darasa la sita kule Kitale, na mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha darasa zima.

Jambo lenyewe ni hivi. Phiona nilimzaa ukimbizini Uganda, akakulia Kitale. Juba hajaiona hata siku moja, kwake ni nchi ya kigeni kama Uchina. Mimi nilirudi mwaka wa pili baada ya amani kutiwa sahihi, yeye akabaki kusomea kazi ya kuongoza watalii. Msichana pekee kati ya wavulana kumi na tisa, na akatoka wa pili. (Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Sisemi zaidi.) Sasa kampuni yake inamtuma aje aone wale swala wanaohama kwa maelfu ng'ambo ya mto, huko mbele ya Mongalla. Apime njia, apige picha, arudi na ripoti kabla ya Pasaka. Picha zikiwa nzuri, kampuni itafungua kambi na Phiona ndiye atakayeiongoza. Atakaa karibu na mama yake. Picha zikikosekana, kambi itapelekwa nchi nyingine na yeye ataifuata.

Amesema swala hao hufuata mvua, na mvua hiyohiyo hufunga barabara. Ukiwahi, hakuna mnyama. Ukichelewa, gari linalala kwenye matope miezi.

Nimemwambia usijali, mama yako yuko hapa.

Jumatano, 4 Machi

Nimeuza chapati mpaka unga ukaisha. Kila aliyenunua amepewa habari za Phiona bure.

Jumamosi, 7 Machi

Kuna watu hawapendi kuona mwenzao amefurahi. Nyaruot ni mmoja wao. Ni jirani yangu, ua wetu ni mmoja. Kila asubuhi hubeba jiko lake la makaa, birika na vibao vya kukalia, akaenda Bilpam kuwauzia wanajeshi chai mbele ya makao makuu yao. Yeye hakukimbia vita. Alikaa humu Juba miaka yote, na kwa hiyo anajiona mji ni wake na sisi tuliorudi ni wapangaji.

Leo jioni tulikuwa wanawake wanne uani kwangu, nawasimulia. Nyaruot akaniuliza, "Ya Mama Phiona, hao wanyama wenyewe wameambiwa binti yako anakuja? Maana binadamu wa Juba sote tumeshaambiwa."

Wakacheka. Nikasema wacheke tu.

"Na akiwaona atawafanya nini?"

"Atawaangalia."

"Halafu?"

"Halafu anarudi."

"Bila kula hata paja moja?"

Hapo walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kibao. Nilikusanya vikombe vyangu. Mtu ambaye hajafika hata Nimule mpakani atajua nini habari za utalii?

Jumapili, 8 Machi

Nimemwomba mchungaji atangaze kanisani. Ametangaza, kati ya harusi ya mtu na ukarabati wa pampu. Alisema "binti wa Mama Harriet anatarajiwa", basi. Masomo hakuyataja. Baada ya ibada nimewajazia watu yaliyobaki mimi mwenyewe pale mlangoni.

Alhamisi, 12 Machi

Wamelala Gulu. Jana wingu zito lilikaa juu ya mlima wa Jebel mchana kutwa, leo matone makubwa yamepiga mabati kidogo yakaacha. Nimenunua kuku watatu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uume, maana sijui kitu kingine cha kufanya.

Barabara ya Nimule inaingia mjini kwa daraja la mto. Nikaona aibu wageni waje peke yao kama mizigo. Nikavaa gomesi yangu ya buluu, ile ya mkanda mpana, nikapanda boda nikavuka nikawasubiri Gumbo upande wa pili. Saa tisa gari likatokea, limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye vioo. Phiona akaruka kabla halijasimama. Ni mrefu kunizidi! Ana kofia ya kazi yenye jina la kampuni. Nililia, alilia, wenye boda wakatuzunguka kutazama.

Rafiki yake wa kwanza ni Jovia, Mganda wa Kampala, mpishi wa safari, mnene kidogo na kicheko chake kinasikika mtaa wa tatu. Hata salamu hakumaliza. "Mama, mimi iko na njaa toka Nimule!" Nikampenda papo hapo. Wa pili ni dereva, Mwangi, kijana mwembamba kama ufito, nywele za rasta, miwani myeusi. Akaninyooshea ngumi nigonge. "Sasa, mathe."

Mathe! Mimi! Sikumpenda.

Nikapanda mbele. Tulipofika katikati ya daraja magari yalikuwa yamesongamana, tukasimama. Mto umetandaa, jua limeelekea Jebel Kujur, na mimi na mwanangu ndani ya gari la kampuni. Nikasema, "Shukeni. Nataka picha."

Phiona akasema, "Mama, hapa panaruhusiwa?"

"Mwanangu, huu ni mji wangu. Mimi najulikana."

Mwangi akavua miwani. "Mathe, naona askari kule mbele."

"Hao ni watoto wanaokula kwangu kila siku. Piga."

Hawa askari sikuwahi kuwaona maishani mwangu. Naandika ukweli, hili ni daftari tu.

Nikasimama katikati, Phiona kulia, Jovia kushoto. Mwangi akachukua kamera ya kampuni, ile kubwa, akapiga mara tatu. Filimbi ikalia. Askari wawili wakaja mbio, mmoja akashika kamera kwa mkono na mwingine akasimama nyuma ya Mwangi.

"Nani amesema mpige picha daraja?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. Mimi ambaye mchungaji hunikatiza ili ibada iishe. Phiona alinitazama. Nikatazama maji.

Mwangi akasema, "Ni mimi, afande. Mimi mwenyewe nimependa."

Wakamchukua, pamoja na pasipoti yake na kamera. Phiona akaliendesha gari mpaka nyumbani. Kuku niliowapika kwa siku mbili wakaliwa kimya, hata na Jovia.

Nyaruot alipopata habari alikuja akasimama mlangoni. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alisema, "Daraja? Mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa Juba angekwambia. Wakati wa vita mtu hakunyoosha hata kidole kuelekea daraja lile." Akaondoka.

Jumapili, 15 Machi

Mwangi ameachiliwa adhuhuri, hakupigwa wala kutukanwa, asante Mungu. Ila pasipoti na kamera vimebaki, na kesi imepelekwa Bilpam. Bila pasipoti hawezi kupita kizuizi hata kimoja, bila kamera hakuna kambi. Nilimpa chapati. Akala mbili, akasema, "Usijali, mathe, itakuwa sawa." Nilitafuta hasira usoni mwake sikuiona. Ni afadhali angenitukana.

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekwenda Bilpam mwenyewe kulimaliza. Nilipita mbele ya chai ya Nyaruot bila kugeuza shingo. Afisa anayeshughulikia ni Madut, mtu mrefu wa maneno machache. Nikamweleza mimi ni nani, nina hoteli Hai Cinema, binti yangu alikuwa wa pili darasani, na wakubwa wengi hula kwangu.

"Wakubwa gani?"

"Wengi."

Akanitazama. "Rudi kesho, mama."

Jumanne, 17 Machi

Nimerudi. Kesho.

Jumatano, 18 Machi

Kesho. Na mvua imenyesha ya kweli, saa nzima.

Ijumaa, 20 Machi

Asubuhi kampuni ilimpigia Phiona simu kutoka Nairobi. Nilikuwa naosha masufuria, nikasikia upande wake tu: ndiyo bwana, hapana bwana, naelewa bwana. Alipokata akaja akakaa juu ya gunia la mkaa.

"Tumepewa mpaka Jumatano, Mama. Tusipoondoka, tugeuze gari. Watu wa Mongalla wanasema swala wameshaanza kupita."

Nikamwambia nitamwona tena yule afisa, nitamwambia kwamba...

"Utamwambia nini? Kwamba unajulikana?" Hakupaza sauti. Phiona akikasirika huongea polepole, kama baba yake. "Mama, mimi nimekuja nchi nisiyoijua. Nikasema sawa, mama yangu anaijua. Nikawaambia wenzangu hivyohivyo njia nzima. Mwangi amebeba makosa ambayo si yake kwa sababu hakutaka mama wa rafiki yake aaibike siku ya kwanza. Na wewe unakwenda kule kila siku kusifia hoteli."

Jovia alikuwa anamenya vitunguu. Akainama zaidi juu ya vitunguu vyake.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Siku zote nimemsifia mwanangu kwa watu kama mtu anayesifia ng'ombe wake mnadani, na sikuwahi kufikiri kwamba naye anataka kunisifia mimi kwa watu. Alinisifia kutoka Kitale hadi Gumbo. Nami ilipofika zamu yangu nikatazama maji.

Jumapili, 22 Machi

Nyaruot amekuja mchana na birika lake, bila kuitwa. Akanimiminia. Chai yake ina tangawizi na karafuu, ni nzuri, naikiri.

"Yule Madut umemwambia nini siku zote hizi?"

"Kwamba mimi ni mtu wa hapa."

"Ulimwambia ni nani alitaka picha?"

Nikapuliza chai.

"Basi. Karatasi yake inasema kijana mgeni, kwa akili yake mwenyewe, amepiga picha daraja la jeshi. Mtu kama huyo ungemrudishia kamera wewe? Angekuwa anajua ni mama mmoja mjinga amevaa gomesi anataka picha na mtoto wake, lingekwisha siku ileile."

"Mjinga?"

"Sasa nikuite nani, mkurugenzi?"

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka machozi, naye akacheka. Halafu akasema, "Kesho saa moja na nusu twende pamoja. Kabla hajaingia ofisini. Akishaingia ofisini ni afisa. Akiwa kwenye kibao changu ni mtu anayekunywa chai."

Jumatatu, 23 Machi

Nilivaa nguo ya kupikia. Nyaruot ndiye alisema.

Nilimsaidia kubeba vibao. Kumbe ni vizito, na yeye hubeba kila siku. Akawasha makaa, akapanga vikombe, akaniweka kwenye kibao cha pembeni kama mtoto anayesubiri daktari. Wanajeshi wakaja mmojammoja, kila mmoja sukari yake Nyaruot anaijua bila kuambiwa. Nilikuwa nimedhani huyu mwanamke anauza maji ya moto tu. Saa moja na dakika arobaini Madut akafika, akakaa, akaniona.

"Mama wa wakubwa," akasema.

Nyaruot akampa kikombe. "Anywe kwanza," akaniambia mimi, si yeye. Akanywa nusu. Ndipo Nyaruot akanigusa goti.

Nikasema. "Afisa, picha ile niliitaka mimi. Kijana alinionya kuna askari, nikamwambia apige. Nilidanganya kwamba nawajua. Siwajui. Hakuna mkubwa anayekula kwangu, wanakula vibarua na wenye boda, na siku moja karani wa kaunti, naye alikuja mara moja tu. Nilirudi Juba miaka mitatu iliyopita na sikuijua sheria ya daraja kwa sababu sikutaka kumwuliza mtu aliyekuwapo wakati wa vita. Yule kijana alijitwika kosa ili mimi nisiaibike. Mniandike mimi."

Wale wanajeshi wengine wawili walikuwa wanasikiliza na vikombe hewani. Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko jiko.

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Niliona haya mbele ya mwanangu."

"Na leo?"

"Leo naona haya zaidi."

Mwanajeshi mmoja akacheka, Madut hakucheka, lakini kitu kikalegea mdomoni mwake. Akamgeukia Nyaruot. "Wewe unamjua?"

"Ua wetu ni mmoja."

"Unaweka dhamana?"

Nilijua maana yake. Ukiweka dhamana kwa mtu, akiharibu wanakuja kwako, na Nyaruot riziki yake yote ni hicho kipande cha ardhi mbele ya lango lile. Wakimfukuza hapo amekwisha. Hakufikiri hata kidogo.

"Naweka. Huyu maneno yake ni mengi sana, jenabu, usiku na mchana, masikio yangu ni shahidi. Lakini hayana sumu ndani yake."

Akamaliza chai, akasema tumfuate. Ofisini ilichukua muda mfupi kuliko ule wa kutafuta kalamu. Nikaandika kwa mkono wangu yote niliyoyasema, Nyaruot akatia kidole gumba. Mwangi akaitwa, akafuta zile picha tatu mbele yao. Pasipoti akarudishiwa, kamera akarudishiwa. Madut akamwandikia kipande cha karatasi akipeleke ofisi inayotoa vibali vya kupiga picha, akamwambia, "Ukiwa na kibali piga wanyama mpaka uchoke. Madaraja, hapana. Na huyu mama asipande mbele."

Nje ya lango nilimwambia Mwangi, "Mwanangu, nisamehe." Aliona haya kuliko mimi. Akaninyooshea ile ngumi yake. Nikaigonga.

Jumanne, 24 Machi

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi na kibali mfukoni. Phiona alinikumbatia muda mrefu, akaniambia sikioni, "Nyaruot amenieleza ulivyosema." Nikampa chapati.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua.

Jumapili, 29 Machi

Mvua usiku kucha, barabara ya hapa kwetu ni mto. Hakuna simu. Watu kanisani wameuliza, nikasema tunangoja. Wakashangaa nimeishia hapo.

Jumatano, 1 Aprili

Kila jioni Nyaruot ananiletea habari za redio ya jeshi anazozisikia kwenye chai. Leo: barabara inapitika hadi Mongalla, mbele yake hawajui. Nimeanza kuamka mapema kumsaidia kubeba vibao mpaka kwenye boda. Anasema nampangia vibaya. Anabishana kama mtu aliyelipwa.

Ijumaa, 3 Aprili

Lori lililotoka huko limesema kuna korongo limejaa maji na gari moja limekwama ng'ambo. La rangi gani? Hawakuangalia. Mtu anawezaje kuona gari asione rangi? Nyaruot amelala kwangu leo. Anakoroma, lakini nimefurahi.

Jumatatu, 6 Aprili

Amepiga! Phiona amepiga kwa Thuraya, simu ya setilaiti ya kuazima, sauti inakwenda na kurudi, nami nikipiga kelele uani kana kwamba nitamfikia bila simu.

Ndiyo, ni wao waliokwama, siku nne sasa. Wazima wote. Korongo linapungua, na trekta la watu wa barabara limeahidi kuwavuta Ijumaa. Lakini waliwaona! Walifika asubuhi moja kabla ya mvua kubwa. Akasema, "Mama, nchi ilikuwa inatembea. Tulizima gari, wakapita pande zote mbili kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi, na Mwangi akawa analia na kupiga picha, analia na kupiga." Picha zinakaribia elfu. Chache amezituma Nairobi kwa mtambo wa wazungu fulani waliokutana nao huko, wanaohesabu wanyama, na mkubwa wa kampuni amejibu: anakuja mwenyewe kwa ndege kuzungumzia kambi na Phiona.

"Na mimi nimemwambia akija asilale hoteli ya mahema," Phiona akasema. "Nimemwambia atakula kwa mama yangu. Mama? Umekata?"

Sikuwa nimekata. Nilikuwa siwezi kusema.

Nyaruot alikuwa ameninyang'anya simu kabla sijaweza. Akamwambia kwa Kiarabu chake cha Juba na Kiswahili alichokiokota kwangu, "Binti, njoo salama, mama yako yuko kwes, mzima, amenyamaza dakika nzima, nimeshuhudia."

Kwa hiyo sasa kuna kazi. Samaki nitamwagiza Tombe mvuvi kule mtoni, wakubwa, si wale wa juzi. Bamia na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, Nyaruot amesema hanipi nafasi, kisra yangu ni nzito. Vikombe vyake na vyangu vikiunganishwa vinatosha watu thelathini. Nimemwalika Madut, nilimwendea kwenye kibao, si ofisini. Akauliza kama kutakuwa na hotuba yangu. Nikasema fupi. Mchungaji nimemwambia, wanawake wa uani wanajua, na Mwangi atakaa kulia kwangu ale mpaka nguo zimbane.

Trekta Ijumaa, Jumamosi wanalala Mongalla, mkubwa wa kampuni anatua asubuhi yake, na wote wanakaa mezani kwangu hapa Hai Cinema saa nane mchana, Jumapili ya Pasaka, tarehe kumi na mbili Aprili.